Kero Ipi Unaiweza? Hotuba Yangu kwa Wanakikundi Kuhusu Uzazi wa Mpango

Maneno haya niliyasema kwenye mkutano wa mwaka wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hapa Tanga. Wenzetu waliokuwa msibani na safarini wameomba wayapate yote, kwa hiyo nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Mabango niliyoyatundika ukutani nimeyaacha.

Akina mama oyee!

Mmeitikia kinyonge. Najua kwa nini: mwenyekiti ameshawanong'oneza nitazungumzia nini. Wazee wangu, shikamooni. Wanangu, marahaba hata kama hamjaamkia. Na nyinyi akina baba watatu mliojibanza karibu na mlango, kaeni hapohapo, msitoroke. Habari hii ni yenu pia.

Nimekuwa mkunga miaka 34. Nimezalisha baadhi yenu mliomo humu, na wengine niliwapokea wakizaliwa, nikaja kuwazalisha. Katika miaka yote hiyo, swali nililoulizwa kuliko yote ni hili: "Nesi, njia ipi haina madhara?" Leo nalijibu hadharani ili nisiulizwe tena sokoni huku nachagua nyanya.

Haipo.

Kila njia ina chake. Sindano ina chake, kijiti cha mkononi kina chake, kondomu ina chake. Hata kalenda ya kuhesabu siku ina chake, na cha kalenda mara nyingi kina jina na cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo anayeniuliza njia isiyo na madhara namrudishia swali: kero ipi unaiweza? Damu isiyo na ratiba unaiweza? Kumeza kidonge kila siku ya Mungu unakuweza? Hedhi nzito miezi michache ya mwanzo, je? Maana mwenzako anayeisifu njia yake anaisifia mwili wake, na huo mwili wewe huna.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wanisamehe, katika jambo hili walipitiwa. Mficha uchi ndiye anayezaa, tena asipopanga.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni juzi, nimepangiwa zahanati moja ya kijijini. Siku ya kliniki foleni ilifika mpaka kwenye mwembe. Akaja mama mmoja, watoto watano, wa mwisho anatambaa. Anataka sindano. Nikampima presha, nikamuuliza hedhi ya mwisho, nikachoma, nikaandika tarehe ya kurudi kwenye kadi. "Haya mama, miezi mitatu." Dakika nne hazikufika. Kuhusu damu sikumwambia neno.

Mwezi wa kwanza akatokwa na matonematone siku 19. Alizihesabu. Kuswali haswali, kwa sababu hajui hiyo ni hedhi au ni nini. Mumewe akahamia kulala barazani. Mwezi wa nne akakauka kabisa, hakuona hata tone. Jirani akamwambia: damu hiyo inajikusanya tumboni, itageuka uvimbe. Mnadhani alirudi kuchoma? Hakurudi. Mwaka uliofuata nilimwona kliniki, lakini safari hii foleni ya wajawazito. Akaniangalia, akasema taratibu, "Dada, mbona hukuniambia?"

Nilikuwa na la kujibu? Sikuwa nalo, na mpaka leo sina.

Sasa nawaambia nyinyi nilichopaswa kumwambia yeye. Kila mwezi mji wa mimba hutandika mkeka kumngojea mgeni. Mgeni asipokuja, mkeka hukunjwa na kutolewa nje. Hiyo ndiyo hedhi. Sindano ya miezi mitatu hulizuia yai lisitoke, na hufanya mkeka uwe mwembamba mno au usitandikwe kabisa. Kisichotandikwa kinakunjwaje? Hakuna damu iliyojificha popote. Miezi ya mwanzo mkeka unachanikachanika, ndiyo yale matone. Baadaye huisha. Ukifika mwaka mmoja kwenye sindano, karibu nusu ya wanaotumia hawaoni siku zao, na hiyo siyo maradhi. Dada zangu Waislamu huniuliza, "Basi wakati wa matone nifunge au nisifunge?" Hilo mpelekeeni ustadhi. Mimi nawaambia tu damu inatoka wapi.

Je, sindano haina lingine? Inalo. Wapo wanaoongezeka uzito, na si maneno ya mtaani, ni kweli. Wapo wanaoumwa kichwa, wapo wanaopungukiwa hamu. Mifupa hupungua uimara kidogo ukiwa unaitumia, kisha hujirudi ukiacha. Na lipo moja ambalo bibi harusi lazima alijue: ukiacha sindano, uzazi huchelewa kurudi. Kwa kawaida ni kama miezi 10 tangu ile ya mwisho, na wengine huvuka mwaka. Nimeona ndoa inatikisika kwa sababu ya miezi hiyo. Mawifi wamekaa kikao, mkwe ameshasema "alikula madawa akaua kizazi," kumbe binti alichokosa ni mtu wa kumwambia asubiri. Anayetaka mtoto mwakani, sindano siyo yake. Vidonge, kijiti na kitanzi, kile kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, havina mchelewesho huo. Ukiacha leo unaweza kushika mimba mwezi huohuo.

Mnaniona nalaumu jirani? Jirani nimemsamehe zamani. Aliziba pengo nililoliacha mimi.

Na nyinyi mkidhani kunyamaziwa ni shida ya zahanati za kwetu tu, subirini niwapeleke mbali. Mwaka 1956, kisiwa cha Puerto Rico, chini ya Marekani. Wataalamu, Gregory Pincus na John Rock, wanajaribu kidonge cha kwanza cha kuzuia mimba kwa wanawake wa mtaa wa nyumba za serikali. Wanawake maskini, wenye watoto wengi, wanaitaka dawa hiyo kwa mikono miwili. Daktari aliyesimamia jaribio pale kisiwani alikuwa mwanamke, Edris Rice-Wray. Akaandika ripoti ya kweli: kidonge kinazuia mimba vizuri sana, lakini asilimia 17 ya wanawake wanalalamika kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kichwa, tumbo. Akasema madhara ni mengi mno, watu wengi hawatayavumilia.

Wakubwa wake walisemaje? Walisema mengi ya hayo ni ya kichwani. Wanawake wanajitungia!

Mmewahi kuambiwa hivyo? Nyoosheni mikono. Naam. Naam. Shusheni, nimeona, mimi mwenyewe nimenyoosha.

Kidonge kikaidhinishwa Marekani mwaka 1960 na dozi yake ile kubwa, kubwa mara kadhaa kuliko hii tunayomeza leo. Miaka ikapita. Damu ikawagandia baadhi ya wanawake, wengine wakafa. Mwaka 1970 Baraza la Seneti, la bunge la Marekani, likakaa kuhoji usalama wa kidonge, seneta Gaylord Nelson ndiye kiongozi wa kikao. Wakaitwa madaktari, wakaitwa wanasayansi. Mwanamke anayemeza kidonge, hata mmoja, hakuitwa kutoa ushahidi. Basi wasichana waliokuja kusikiliza wakasimama katikati ya kikao wakaanza kupiga kelele: kwa nini sisi hatuulizwi? Wakatolewa nje, wakarudi, wakasimama tena.

Lililotokana na kelele zile mnalo majumbani. Ile karatasi nyembamba iliyokunjwa ndani ya pakiti ya vidonge, yenye maandishi ya sisimizi, ambayo mnafungia bizari. Msiitupe. Kuna watu walitolewa ukumbini kwa ajili yake. Kama huwezi kuisoma, mpe mtoto wa sekondari akusomee, aibu ya siku moja.

Sasa tulinganishe, na tulinganishe kwa macho. Mko kama mia humu. Natoa hesabu ya wanawake 100 kwa mwaka mmoja, na nahesabu watu wa kawaida wenye kusahau na kusafiri na kugombana na waume zao. Sihesabu malaika.

Wasiotumia chochote: 85 watapata mimba. Yaani ukumbi mzima, ubaki mstari huu wa mbele tu. Wanaotegemea baba amwage nje: 20. Mabenchi mawili ya nyuma, simameni. Mko 13? Haya, nyinyi ni kondomu. (Mlicheka sana hapa, na waliosimama wakakaa kabla sijamaliza.) Vidonge: 7. Sindano: 4. Kitanzi, kijiti na kufunga kizazi: hafiki mtu 1.

Kwa nini vidonge viwe 7, na kijiti kisifike 1, wakati dawa iliyomo karibu ni za ukoo mmoja? Kwa sababu kijiti hakina cha kusahau. Nilikuwa na mteja, mume wake dereva wa lori, anapita mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa na kurudi. Baba yuko nyumbani siku tatu, hayupo wiki mbili. Mama anameza vidonge zile siku tatu tu, zikiisha anaviweka kabatini. "Nesi, sasa nimeze cha nini na mwenyewe hayupo?" Anabana matumizi! Nikamwambia, mama, kidonge si mlinzi wa usiku umlipe siku anazokuja. Yai halina habari kama lori limevuka mpaka. Ile pakiti ina vidonge 28. Vyenye dawa ni 21, vile 7 vya kahawia ni madini ya chuma ya kuongeza damu, na vipo ili usipoteze hesabu. Unameza kila siku, saa ileile, mume awepo asiwepo.

Na vidonge navyo vina kero zake. Wiki za mwanzo kichefuchefu, matiti kuuma, kichwa. Kwa wengi hutulia ndani ya miezi mitatu. Vina na hisani: hedhi hupungua, maumivu yake hupungua, na hatari ya saratani ya vifuko vya mayai ya uzazi hushuka. Kuna watu siyo vyao kabisa, hivi vidonge vya kawaida: mwenye presha ya kupanda, mvutaji sigara aliyefika miaka 35, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, na anayenyonyesha mtoto ambaye hajafika miezi sita. Ndiyo maana ukinunua dukani bila kupimwa presha unacheza pata potea.

Kuganda kwa damu mmekusikia, nisikupitie juujuu. Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia vidonge, kwa mwaka damu huwagandia 1 hadi 5. Wanaotumia, 3 hadi 9. Wajawazito, 5 hadi 20. Mmeisikia ya mwisho? Mimba yenyewe inashinda kidonge. Hiyo haimfuti yule aliyegandiwa, kwa hiyo shikeni dalili: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, kupumua kwa shida, kichwa kikali usichokizoea, macho kuingia giza ghafla. Hapo usimsubiri jirani. Acha kidonge, nenda hospitali siku hiyohiyo, na umwambie daktari unachomeza.

P2 naigusa tu. Ni ya dharura, imezwe mapema, ndani ya saa 72. Haitoi mimba iliyokwisha kuingia. Na binti anayeimeza kila Jumapili anavuruga siku zake bure kwa njia dhaifu kuliko sindano, kijiti au kitanzi.

Kijiti. Njoo hapa mwanangu, nipe mkono. Mnaona hapa ndani ya mkono wa juu, upande wa mbavu? Ngozi inachomwa ganzi, kama mdudu kakuuma. Baada ya hapo husikii kitu isipokuwa kama mtu anakusukuma. Kinaingia kijiti laini, urefu wa njiti ya kiberiti. Nikimaliza huwa namshika mteja kidole chake mwenyewe nakipeleka pale: "Kiguse." Wote hufanya uso uleule, macho yanatoka, halafu tabasamu. Kuna cha kijiti kimoja cha miaka 3, kuna cha vijiti viwili cha miaka 5. "Kinatembea mpaka kwenye moyo!" Nimelisikia hilo tangu vijiti vilipoingia nchini. Kikiwekwa vizuri hukaa palepale. Kuhama mbali ni nadra mno. Siku ukikitafuta kwa kidole usikipate, rudi kituoni, usikae na wasiwasi.

Kero yake ni damu. Wengine hukauka, wengine matone, wengine mwezi huu hivi mwezi ujao vile. Huwezi kutabiri utaangukia wapi, na mimi siwezi kukutabiria. Hii ndiyo sababu kubwa ya watu kuja kukitoa. Na hapa nina neno kwa wenzangu wa fani: mtu akija anataka kitolewe, kitoeni. Msimwambie "vumilia, hakijaisha muda." Nimesikia mama kazungushwa mara tatu kwenye kituo kimoja, mwisho akajikata na wembe nyumbani. Mnajua habari yake ilivyosambaa? Kijiji kizima kiliacha vijiti. Ukiwa na haki ya kuwekewa, unayo haki ya kutolewa, na kwenye vituo vya serikali huduma hii hulipii.

Kitanzi, wengine mnakiita lupu, ndicho ninachokipenda mimi, na nasema wazi kwamba ni mapenzi yangu tu. Nilikaa nacho miaka tisa. Kile cha shaba hakina homoni hata chembe. Shaba inazimaliza nguvu mbegu za baba. Kinadumu miaka 10 na zaidi. Kero yake: hedhi nzito na tumbo kukata, hasa miezi mitatu mpaka sita ya mwanzo. Mimi nilibadilisha pedi hadi nikakoma. Kwa hiyo mwenye upungufu wa damu au mwenye hedhi ya mafuriko, hicho kimpite. Kipo kitanzi kingine chenye homoni, hicho chenyewe hupunguza damu, ila vituo vingi hakipatikani. Na ukiwa na maambukizi ukeni, hutibiwa kwanza, ndipo kiwekwe.

"Baba analalamika kinamchoma." Ni uzi mwembamba unaoning'inia kwenye kitanzi, siyo kitanzi chenyewe. Rudi, unapunguzwa kwa mkasi, dakika mbili. Usikitoe kwa sababu ya uzi!

Sasa lile zito. Kwa miaka mingi ilisemwa sindano inaleta Ukimwi, na wasiwasi huo haukuwa wa vijiweni tu, wanasayansi nao walikuwa nao. Basi ukafanyika utafiti mkubwa Kenya, Zambia, Afrika Kusini na Eswatini. Wanawake 7,829, wakagawanywa kwa kura: sindano, kitanzi cha shaba, kijiti. Majibu yakatoka mwaka 2019: haikuonekana tofauti kubwa ya maambukizi baina yao. Wengine wakashangilia, wakafunga kitabu. Mimi nawaomba msome ukurasa wa pili. Katika makundi yote matatu walioambukizwa walikuwa 397. Wamekuja kupanga uzazi, wamekingwa mimba vizuri, na virusi vikaingia mlango uleule. Hakuna kijiti, kitanzi wala sindano inayozuia Ukimwi, kisonono au kaswende. Katika njia hizi zote, inayozuia ni kondomu, basi. Ile iliyowakalisha mabenchi ya nyuma kwa mimba zake 13, huku ndiyo peke yake.

Na ukiwa kwenye dawa yoyote ya muda mrefu, sema. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huzidhoofisha nguvu vidonge vya majira na vijiti. Baadhi ya dawa za zamani za kufubaza virusi nazo hukidhoofisha kijiti. Nesi hawezi kujua usichomwambia.

Nimewasahau akina baba? Sijawasahau, nilikuwa nawaacha mjisahau. Kufunga mirija ya mwanaume ni upasuaji mdogo kuliko wa mwanamke, anatembea kwenda nyumbani siku ileile. Nguvu zinabaki, hamu inabaki, na maji yanatoka kama kawaida, yasiyokuwemo ni mbegu. Ila aendelee na kinga miezi mitatu ya kwanza, maana zipo zilizokwisha kupita geti. Nani kati yenu watatu anataka kujua zaidi? Hakuna. Nilijua. Mwaka jana baba mmoja alinifuata usiku, kavaa kofia mpaka puani, ananiuliza kwa sauti ya chini kama sauti itakuwa nyembamba. Baba, sauti inakaa shingoni!

Mwenyekiti ananionyesha saa. Chai na maandazi viko tayari. Mimi nitakuwa pale kwenye benchi chini ya mkungu mpaka saa kumi na moja, nimekuja na mkoba wangu, kijiti kimo cha kushika, kitanzi kimo, pakiti ya vidonge imo na karatasi yake. Anayeona haya kuja mbele za watu, apite kama anakwenda kuchota maji bombani. Nitajua.